Mtoto kulia vidole vya miguu ndani ya dakika 25 kwenye njia ya mto St. Croix: ni soksi, ni damu, au ni ugeni?

#1 MamaNuru
Wakuu habarini. Niko Minnesota, huu mwaka wa tatu, kwetu Tanga. Jumamosi tulikwenda Interstate State Park pale Taylors Falls, ile njia inayofuata mto, maili moja na robo tu hadi kwenye mashimo ya mawe. Nyuzi -9, jua kali, theluji imekanyagika vizuri.

Binti yangu ana miaka 6. Nilimvalisha koti nene, suruali ya theluji, kofia, glavu, soksi mbili za pamba moja juu ya nyingine, na buti. Kabla ya soksi nilimpaka mafuta ya mgando miguuni, kama mama yangu alivyokuwa akinipaka mimi asubuhi za kusi. Dakika ya 25 akaanza kulia. Nikamvua buti palepale: vidole vitatu vyeupe kama mshumaa, hata nilipovibonyeza damu haikurudi haraka. Baba yake akavisugua kwa nguvu. Tulipofika kwenye gari na joto likaanza kumwingia, ndipo alipolia kweli.

Kinachoniumiza kichwa ni hiki. Pembeni yetu kulikuwa na familia ya wenyeji, watoto watatu, mdogo kabisa miaka 4 hivi. Walikuwepo kabla yetu, tukawaacha palepale wamelala kwenye theluji wanakula biskuti. Wao wana nini ambacho wangu hana?

#2 MkulimaMakete
Pole kwa mtoto. Jibu ni fupi: mazoea. Sisi Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mwezi wa sita na wa saba tunaamka nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu, na tulikwenda shule pekupeku. Ukikanyaga nyasi zinalia kraa kraa. Hakuna aliyekatwa kidole. Mtoto wa Tanga mpe miaka.

#3 Muuguzi_Edmonton
Mama Nuru, pole. Mimi ni muuguzi, nipo Kanada mwaka wa kumi na moja, na makosa mawili nayaona kwenye maelezo yako mwenyewe.

Kwanza pamba. Mguu wa mtoto unatoka jasho hata kwenye baridi, pamba inalinyonya na kukaa nayo, na kitambaa kibichi kinanyang'anya joto. Pili, soksi mbili ndani ya buti ya kawaida zinabana, damu haifiki kwenye ncha. Soksi moja ya sufu ndani ya buti yenye nafasi ni bora kuliko tatu zilizobanana.

Na tafadhali sana, siku nyingine msisugue. Nyama iliyoanza kuganda ukiisugua unaichubua kwa ndani. Mweke vidole kwapani au tumboni kwako, ngozi kwa ngozi. Mkifika nyumbani ni maji ya uvuguvugu wa mwili, nyuzi 37 hadi 39, si ya moto, wala msimweke mbele ya hita: vidole vyenye ganzi vinaungua bila mwenyewe kujua. Yale maumivu wakati joto linarudi ni kawaida. Vikibaki vyeupe au vigumu, au yakitokea malengelenge, ni hospitali moja kwa moja.

#4 BabaWawili
-9 hiyo ni Selsiasi ama Fahrenheit? Maana huku watu huchanganya, na tofauti ni kubwa.

#5 MamaNuru
Selsiasi. Ubao wa benki mjini ulisoma 16 ya Fahrenheit.

Muuguzi, asante. Baba yake amesoma kuhusu kusugua akanyamaza muda mrefu. Alidhani anaokoa.

#6 BabaWawili
Basi -9 si baridi ya kumshinda mtoto. Mimi ni wa Limuru, nina wavulana wawili, tunatembea Fort Snelling kila mwezi wa kwanza pale Mto Minnesota unapoingia Mississippi. Nikuulize: mlikuwa mnatembea au mlikuwa mmesimama? Watoto wa wenyeji wanaonekana wametulia, lakini ukiwaangalia vizuri hawatulii. Wanapanda, wanaanguka, wanakimbizana. Ule mwili ni jiko. Wetu tunawaambia "usichafuke, shika mkono wangu, tembea pole pole", halafu tunashangaa wakipoa.

#7 MamaNuru
Umenigusa. Tulisimama. Kulikuwa na tai kwenye mti ng'ambo ya maji, upande wa Wisconsin, baba yake akawa anapiga picha. Labda dakika kumi, na nilimwambia mtoto asicheze asije akawatisha.

#8 Mchambuzi_DSM
Wakuu mnazunguka. Liko suala la mwili ambalo watu wanaona aibu kulisema. Vita vya Korea, 1950 hadi 1953, jeshi la Marekani lilikuta askari weusi wanapata majeraha ya baridi mara kadhaa zaidi ya weupe, kwenye baridi ileile. Wataalamu wanaeleza hivi: ukitia kidole kwenye maji ya barafu, mishipa inajibana, kisha baada ya dakika tano hadi kumi inafunguka kidogo ili kidole kisife, halafu inajibana tena. Daktari Mwingereza, Thomas Lewis, aliieleza hali hiyo mwaka 1930. Kwa watu wenye asili ya nchi za joto kufunguka huko mara nyingi huwa dhaifu. Mama Nuru, hukukosea kitu. Ni asili.

#9 Mkunazi
Mchambuzi, takwimu za Korea ni kweli, lakini umeruka mahali. Wengi wa askari wale walitoka majimbo ya kusini yenye joto. Na jeshi lilikuwa bado linawatenga, kwa hiyo nani alipewa zamu gani, viatu gani na mapumziko gani halikuwa jambo la usawa. Sikatai mishipa. Nakataa kumwambia mama "ni asili" halafu anakaa ndani miezi mitano na mtoto. Mtoto mwenye ngozi nyeusi latitudo hii tayari ana shida ya vitamini D, sasa na mazoezi umnyime?

#10 Mchambuzi_DSM
Sijasema akae ndani. Nimesema ajue.

#11 Muuguzi_Edmonton
Kwenye hili la asili kuna jambo moja muhimu kuliko mishipa, na sijaona aliyeligusa. Mama Nuru, mtoto amezaliwa wapi, na amewahi kupimwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi?

Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu, baridi ni moja ya vitu vinavyoamsha maumivu makali: mishipa inajibana na zile chembe zilizojikunja zinakwama. Marekani majimbo yote yanapima watoto wachanga tangu 2006. Lakini wetu waliozaliwa nyumbani wakaja wakubwa wanapita katikati, kila mmoja akidhani mwenzake amepima. Simtishi mtu. Vidole kuwa vyeupe kwenye soksi mbichi havimaanishi selimundu. Ila kipimo ni tone la damu, na ukishajua umejua.

#12 MamaNuru
Amezaliwa Tanga. Hajapimwa. Nina kaka aliyefariki mdogo ambaye nyumbani walisema tu "alikuwa na damu mbovu". Jumatatu napiga simu kliniki. Asante dada, asante sana.

#13 FundiViatu_Columbus
Nawaheshimu wote, lakini mimi naangalia chini. Nimeshona viatu Kariakoo miaka kumi na nne kabla ya kuja Ohio. Joto la mguu linaondoka kwa wayo. Toa soli ya ndani ya buti ya mtoto uishike: nyingi za bei nafuu ni sponji nyembamba kama ganda la mkate, mtoto akikanyaga inalala. Kata nyingine kwenye sufu nene iliyoshindiliwa, unene wa kidole chako kidogo, uweke chini. Kisha mvalishe soksi, asimame, akunje vidole ndani ya buti kama anayetaka kushika penseli. Akishindwa kukunja, hiyo buti ni ndogo, hata kama namba inasema ni yake. Sisi wazazi tunanunua koti kubwa la kukulia, buti tunanunua ya kumtosha leo. Ingekuwa kinyume.

#14 MamaNuru
Nimekwenda kupima sasa hivi. Hawezi kukunja. Buti ni za mwaka jana.

#15 MkulimaMakete
Na mafuta ya mgando je? Bibi yetu asingemruhusu mtoto kutoka bila kung'aa. Naona hakuna aliyeyagusa.

#16 Zena_Oulu
Nayagusa mimi kutoka Finland. Hapa watafiti walifuatilia vijana wa jeshini, maana kila mtu alikuwa anaamini kupaka uso kunazuia kuganda. Waliopaka hawakulindwa, bali waliumia zaidi masikioni na usoni. Mafuta yanampa mtu hisia ya joto, ngozi inapoa vilevile, na anachelewa kujifunika. Hiyo ni uso. Miguuni sijaona kipimo, ila fikiria soksi ya pamba iliyolowa mafuta na jasho pamoja. Hewa ndiyo inayotunza joto, na hapo hewa itakaa wapi?

#17 MkulimaMakete
Bibi aliishi miaka zaidi ya tisini na masikio yake yote mawili.

#18 Zena_Oulu
Na Makete kukiwa na baridi kali kabisa ni nyuzi chache chini ya sifuri, alfajiri, na saa tatu jua limeshawaka. Hapa Oulu mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza karibu na saa nne na nusu na saa nane limezama. Namheshimu bibi, lakini hakuwahi kukutana na hii.

#19 Kigamboni_Mpls
Mnasahau upepo. Kwenye mto upepo unapita kama kwenye bomba. Ingawa ilikuwa -9, kwa upepo huenda vidole vilikuwa kwenye -18 ndani ya ile buti.

#20 BabaWawili
Hapana mkuu, hapo umepotoka. Ile hesabu ya baridi ya upepo ni ya ngozi iliyo wazi. Inasema joto linaondoka haraka kiasi gani, haisemi kitu kitapoa kupita hewa yenyewe. Ndani ya buti upepo haufiki. Kwa uso ni kweli ni hatari: -18 na upepo wa kilomita 24 kwa saa inakuwa kama -28, na ngozi wazi inaweza kuganda kwa dakika 30. Ndiyo maana tarehe 30 Januari 2019, hapa Minneapolis ilipofika -33 bila upepo na karibu -48 ukiuhesabu, hatukutoka hata kutupa takataka. Lakini vidole vya miguu vya Nuru haviwezi kusingiziwa upepo.

#21 Kigamboni_Mpls
Nimekubali. Mama Nuru, wale tai walikuwa wangapi? Mimi nilikwenda mwezi uliopita nikaona mmoja tu.

#22 MamaNuru
Saba, na wawili walikuwa wa kahawia mwili mzima. Mtoto aliwaita furukombe. Alimwona kwa babu yake Mwanza, na kweli wanafanana: kichwa cheupe, wanalenga samaki. Nikambishia kuhusu wale wa kahawia nikidhani ni ndege wengine.

#23 Mkunazi
Mtoto yuko sahihi, ni jamaa zake. Na wale wa kahawia ni haohao, wadogo. Kichwa hakiwi cheupe mpaka afike miaka mitano hivi. Mwambie kati ya hao saba, wawili ni umri wake au chini.

Wanakaa pale kwa sababu maji hayagandi chini ya bwawa la umeme la St. Croix Falls. Maji mazito kuliko yote ni ya nyuzi 4, yanalala chini ya bwawa, yakipitishwa kwenye mitambo yanatoka na ule uvuguvugu.

#24 FundiViatu_Columbus
Si mkondo tu? Maji yanayokimbia hayapati nafasi ya kushikana.

#25 Kigamboni_Mpls
Mzee mmoja aliyekuwa akivua samaki pale aliniambia ni chemchemi zinazotoka kwenye miamba ya kingo, zina joto moja mwaka mzima.

#26 Mkunazi
Bwawa, mkondo, chemchemi, yote yanaweza kuwemo. Ila umbali wa maji wazi unabadilika mwaka hadi mwaka, ndiyo maana nalitilia uzito bwawa. Halafu kwa Mama Nuru: uliuliza kwenye uzi mwingine maporomoko yako wapi wakati miji yote miwili, Taylors Falls na St. Croix Falls, ina jina la maporomoko ("Falls"). Yapo chini ya maji ya bwawa hilohilo. Yalikuwa maji ya kasi kwenye mawe, bwawa likayafunika.

#27 BabaWawili
Maji wazi ndiyo yanayonitisha mimi. Watoto wakiona barafu pembeni wanataka kuikanyaga. Idara ya maliasili ya Minnesota inasema angalau inchi 4 za barafu mpya iliyo safi kwa mtu kutembea, na bado inaongeza kwamba hakuna barafu ya kuaminika moja kwa moja. Hiyo ni ya ziwa. Ya mto, mkondo unaila kwa chini: hapa inchi 6, hatua mbili mbele inchi 1, juu zote zina theluji ileile. Kwangu sheria ni moja, kwenye mto hatukanyagi, hata ukingoni.

#28 Zena_Oulu
Naunga mkono. Na huko kwenye mashimo, mawe yana barafu nyembamba usiyoiona. Tunatumia makucha ya chuma yenye mpira, unayavuta juu ya buti. Yapo hata ya saizi za watoto.

#29 MamaNuru
Nimerudi wakuu, wiki tatu zimepita. Kwanza, kipimo: mtoto hana ugonjwa, ila amebeba kinasaba kimoja. Daktari amesema kwa kutembea kwenye theluji asiwe na wasiwasi, ila ahakikishwe anakunywa maji ya kutosha. Mimi na baba yake tunapima wiki ijayo. Muuguzi, Mungu akubariki.

Jana tulirudi njia ileile. Nyuzi -12, kwa hiyo baridi zaidi ya mara ya kwanza. Buti kubwa zaidi kwa namba moja na nusu, soli ya sufu nimekata mwenyewe kwenye blanketi kuukuu, soksi moja ya sufu, miguu mikavu bila mafuta. Nimembebea chupa ya chai ya tangawizi na maandazi, kila dakika 20 anapewa kipande. Koti nene nilimvalisha tukishashuka, kwa sababu kuna aliyeniandikia pembeni kwamba mkanda wa kiti cha mtoto haubani sawasawa juu ya koti. Nikampa na sledi ndogo ya plastiki, ile ya kuteleza juu ya theluji, aburute mwenyewe, ndani ameweka jiwe na dubu wake.

Tulikaa nje saa moja na dakika kumi! Tulifika kwenye lile shimo lenye kina cha futi 60, akashika reli akachungulia. Nilimweleza kwamba maji ya barafu iliyoyeyuka yalipita hapa miaka kama elfu kumi iliyopita, yakazungusha mawe mahali pamoja mpaka yakatoboa mwamba. Akasema, "Kama kinu cha bibi, ila mchi ni maji." Sikuwahi kufikiria hivyo. Kwenye mashimo madogo theluji ilikuwa imekaa kama unga uliokwisha kutwangwa.

Miguu ilikuwa ya joto. Safari hii alilalamikia kidole gumba cha mkono wa kushoto, huo tu. Wa kulia hapana.

#30 FundiViatu_Columbus
Soli! Nilisema.

#31 Muuguzi_Edmonton
Nimefurahi sana kuhusu kipimo. Soksi pia.

#32 MkulimaMakete
Na wiki tatu zaidi za kuizoea baridi. Msisahau hilo.

#33 BabaWawili
Na sledi. Alikuwa na kazi, hakusimama.

#34 Mchambuzi_DSM
Na chakula. Mara ya kwanza alikula saa ngapi?

#35 MamaNuru
Uji, saa moja asubuhi. Tulifika mtoni saa tano.

#36 Mkunazi
Dada, umebadilisha mambo saba kwa mpigo, kwa hiyo kila mtu humu atachukua ushindi. Ningependa safari ijayo ubadilishe moja tu. Rudisha kusimama, kwa mfano: dakika kumi kwa tai, kila kitu kingine kibaki.

#37 MamaNuru
Kwa vidole vya mwanangu sitafanya majaribio, kaka. Kila kitu kitabaki kama jana.

#38 Mkunazi
Una haki, nimeomba vibaya. Nitajaribu kwa miguu yangu.

#39 Zena_Oulu
Kidole gumba cha kushoto: sledi alikuwa akiivuta kwa mkono upi? Kamba ikibana glavu, damu inazuiwa. Mpe glavu za mfuko, zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, na kamba ipite kiunoni.

#40 MamaNuru
Kushoto! Ni mashoto. Kamba aliizungusha mara mbili mkononi.

#41 Kigamboni_Mpls
Jumamosi ijayo utabiri ni -7 na jua. Nina watoto wawili, miaka 5 na 8, hawajawahi kutoka zaidi ya kwenye maegesho. Tunaweza kuja pamoja?

#42 BabaWawili
Na mimi niko na wangu. Kibali cha gari cha upande wa Minnesota, ukivuka daraja kwenda Wisconsin hakifanyi kazi, hivyo tubaki upande huu. Ulizeni pia maktaba ya mtaani kwenu kama wanaazimisha kibali.

#43 MamaNuru
Karibuni sana. Saa nne na nusu kwenye maegesho ya karibu na mashimo. Nitaleta maandazi ya watoto wote. Kigamboni, leo usiku toa soli za buti zao uzitazame, na uwaambie wakunje vidole.

#44 Kigamboni_Mpls
Wa miaka 8 anaweza. Wa miaka 5 anasema anaweza, lakini naona uso wake. Kesho naenda dukani.